Daftari la ajali lina mistari miwili, kasha la dawa limekwisha: tuandike nini na tuandike vipi?

Katibu wa Gongoni:

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote.

Ninafanya kazi katika kiwanda cha kuosha na kusaga chumvi kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni, na hivi karibuni wenzangu wamenichagua kuwa katibu wa kamati ya usalama na afya kwa upande wa wafanyakazi. Kwa asiyeijua kazi hii, maji ya bahari huvutwa kwa pampu hadi kwenye mabwawa, yakaachiwa jua na upepo hadi chumvi igande, kisha chumvi huparuliwa, huletwa kiwandani kwa trela, huoshwa kwa maji mazito ya chumvi, hukamuliwa kwenye sentrifuji, husagwa, hukaushwa, hutiwa ayodini na mwisho hufungwa kwenye magunia ya kilo 50 au pakiti ndogo za dukani. Kwa hiyo tuna mikanda, vinu, rola, foklifti na watu wengi wanaobeba mizigo mgongoni, wote mahali pamoja.

Nilipokabidhiwa makaratasi nilikuta daftari la ajali ambalo kwa mwaka mzima uliopita lina mistari miwili tu, na yote miwili imeandikwa kwa maneno yale yale: "Aliumia mkono. Alitibiwa. Alirudi kazini." Hakuna saa, hakuna mashine, hakuna shahidi. Wakati huohuo karani wa stoo alinionyesha kwamba bendeji, pamba na dawa ya kusafishia vidonda hununuliwa karibu kila mwezi na huisha kabla ya mwezi kwisha. Sijui mistari miwili inawezaje kumaliza kasha zima.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, ni jeraha lipi linalostahili kuandikwa? Fomeni wetu husema kwamba kukatwa na chumvi na kuchubuka ni desturi ya kazi, na kwamba tukiandika kila mkwaruzo hatutafanya kazi nyingine. Pili, vibarua wanaoletwa na wakala ni wa daftari la nani? Kiwanda husema ni watu wa wakala, na wakala hana daftari, ana kitabu cha mahudhurio tu. Tatu, kuna kijana, kibarua, ambaye miezi minane iliyopita kidole chake kilibanwa na rola ya mkanda. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akapewa nauli ya kurudi nyumbani, na tangu hapo hakuitwa tena. Kidole hakikunjiki. Jina lake halimo popote kwenye daftari letu. Je, bado ana haki yoyote?

Tafadhali anayejibu asitaje jina la kiwanda chochote. Nataka kujua utaratibu, sitaki ugomvi.

---

Afisa Mstaafu, Malindi mjini:

Wa alaikumu salaam, ndugu Katibu. Nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu muda wa kijana huyo unayoyoma huku sisi tunazungumza.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaiita WIBA, inampa mfanyakazi miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali kuwasilisha dai la fidia. Miezi minane imekwenda, kwa hiyo imebaki minne, na miezi minne si mingi ukikumbuka kwamba fomu inahitaji sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Sheria hiyo haimtaki athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Taarifa ya ajali kwa mwajiri inaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri akishaipata au akishajua kwa njia yoyote kwamba mtu ameumia, ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kupitia afisa wa eneo. Kiwanda kilichomlipia pikipiki ya hospitali hakiwezi kusema hakikujua.

Akionekana kuwa na ulemavu wa kudumu, daktari hutaja asilimia, na fidia hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba alikuwa anapata shilingi 15,000 kwa mwezi na daktari amesema asilimia kumi: 15,000 mara 96 ni 1,440,000, na asilimia kumi ya hiyo ni 144,000. Dai likishawasilishwa kwa mwajiri au kwa bima yake kupitia Mkurugenzi, linapaswa kulipwa ndani ya siku tisini. Mbali na hilo, mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi anastahili malipo ya kipindi alichokuwa hajiwezi. Ndiyo maana daftari zuri huandika pia mapato ya mtu na namna anavyolipwa. Kibarua anayelipwa kwa gunia asipokuwa na karatasi ya magunia yake, ataambiwa alikuwa anapata kiasi kidogo kuliko ukweli.

Sasa vibarua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Imesema watu wote. Haikusema walioandikwa kazi na yeye. Wakala akiwa ndiye mwajiri, ana wajibu wake wa kutoa taarifa na wa kuwa na bima, lakini mkanda ni wa kiwanda, rola ni ya kiwanda na aliyeruhusu mkanda uende bila kifuniko ni kiwanda. Ushauri wangu ni kwamba ajali ya kibarua iandikwe kwenye daftari la kiwanda, na mbele ya jina lake iandikwe alikuja kwa wakala gani, kisha nakala apewe wakala. Tena msisahau kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira: kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimefikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku kwa siku. Wengi wa hao mnaowaita watu wa wakala wamekaa hapo misimu na misimu.

Kuhusu jeraha gani liandikwe, usichanganye mambo mawili. Kuna lile linalopaswa kupelekwa serikalini, na kuna lile linalopaswa kujulikana kiwandani. Kifo hutolewa taarifa kwa afisa wa eneo ndani ya saa 24, kisha maandishi ndani ya siku saba. Jeraha lisilo la kifo hupelekwa kwa fomu ndani ya siku saba. Lakini ndani ya kiwanda andikeni hata lile lililoishia kwenye bendeji, katika kitabu cha huduma ya kwanza, kwa sababu kamati haiwezi kuona hatari inakotoka kwa kutazama vidole vilivyokwisha kukatika. Kiwanda chenye watu ishirini au zaidi ni lazima kiwe na kamati kama yenu, na kamati hiyo hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Ukienda mkutanoni na kitabu kitupu, mtanywa chai na kurudi makwenu.

Na jambo la mwisho kwa leo: Sheria ya Usalama na Afya Kazini inakataza mfanyakazi kufukuzwa au kubaguliwa kwa kulalamika kuhusu jambo analoona si salama. Najua maandishi ni mepesi kuliko utekelezaji, lakini ni vizuri ujue umesimama wapi.

---

Fomeni wa Zamani, Mambrui:

Mzee wangu Afisa amesema yote ya sheria na sina la kuongeza hapo. Mimi nimekaa kwenye kinu cha chumvi karibu umri wangu wote wa kazi, na ninachotaka kumweleza Katibu ni pale ambapo rekodi hufia. Haifii ofisini. Hufia kwenye meza ya fomeni, saa ya kubadilishana zamu.

Kiwanda kinaweka bango kubwa langoni: siku kadhaa bila ajali. Siku zikifika idadi fulani, zamu nzima inapata unga na sukari, na fomeni anapata bahasha. Hebu fikirini kijana aliyekatwa kiganja siku mbili kabla ya sukari hiyo kutolewa. Nani atakwenda kuandika? Wenzake wenyewe watamwambia afunge kitambaa, anyamaze, ajipumzishe kwenye kupanga magunia matupu hadi mwisho wa wiki. Mwenye kiwanda hana haja ya kumwambia mtu yeyote afiche, kwa sababu sukari inatosha kufanya kazi hiyo. Kama kamati yenu ina nguvu yoyote, iombe bango hilo lishushwe, au zawadi itolewe kwa kuripoti hatari badala ya kutoumia.

La pili ni la mashine, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo watu wanapopoteza vidole. Chumvi hula chuma. Gadi ya rola, yaani kifuniko cha kukinga mikono, hufungwa kwa bolti nne. Unyevu wa chumvi unaingia kwenye nyuzi za bolti, na baada ya muda zinashika kutu hadi spana haizigeuzi. Sasa chumvi mbichi inapogandamana kwenye rola ya nyuma, mkanda huanza kwenda upande, na ni lazima mtu atoe lile bonge. Fundi anakata bolti kwa grainda, gadi inatolewa, bonge linatolewa, kazi inaendelea. Bolti mpya hazipo stoo. Gadi inaegemezwa ukutani "kwa muda". Baada ya wiki kadhaa hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na gadi, na bonge linapogandamana tena kijana anaingiza mkono au chepe huku mkanda unakwenda, kwa sababu kuusimamisha kunahitaji kumpigia simu mtu wa swichi na kinu kizima kitakaa bila chumvi.

Kwa hiyo Katibu akiandika "aliumia mkono", ameandika jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza. Mimi ningeandika hivi:

"Saa nne na robo asubuhi, mkanda wa pili unaopeleka chumvi mbichi kwenye kinu, rola ya nyuma, upande wa bahari. Mfanyakazi alikuwa akitoa bonge la chumvi kwa chepe fupi huku mkanda ukienda. Chepe lilivutwa, mkono wa kulia ukafuata. Gadi haikuwepo, ilikuwa imeegemezwa ukutani, bolti zote nne zimekatwa. Swichi ya kusimamisha iko mbali na rola, hakuna kamba ya dharura. Walioona: mwendeshaji wa kinu na mpakiaji mmoja."

Sentensi sita tu, na ndani yake mna kazi nne za fundi: bolti za chuma kisichoshika kutu, gadi yenye bawaba inayofunguka bila kukatwa, kamba ya dharura kando ya mkanda mzima, na kufuli ya swichi ambayo ufunguo wake anakaa nao yule aliyeingiza mkono, si mtu mwingine. Hiyo ya kufuli ndiyo ningeianza. Haigharimu pesa nyingi, ila inamnyima fomeni uwezo wa kuwasha mkanda akiwa na haraka, na ndiyo maana mafomeni hawaipendi.

Kuhusu desturi ya kazi: ni kweli kwamba punje za chumvi mbichi zinakata, na ni kweli kwamba maji ya kuoshea ni mazito sana. Bahari ina chumvi karibu gramu 35 kwa lita, lakini maji yale yamekolea hadi karibu asilimia 26 na hayawezi kubeba zaidi. Kidonda kidogo cha mguu kikikaa ndani ya gambuti lililotoboka na maji hayo, hakiponi, kinapanuka. Nimewaona watu wakienda nyumbani kwa wiki tatu kwa kile kilichoanza kama mchubuko wa desturi.

---

Muuguzi wa Zahanati:

Naandika kutoka upande wa pili wa meza. Watu wa mashamba ya chumvi tunawapokea sana, hasa msimu wa kuvuna, na shida kubwa ninayoiona haiko kwenye daftari lenu bali kwenye letu. Mgonjwa anakuja na kidole kilichopondeka, ninamuuliza kimepondwa na nini, anamtazama mtu aliyemleta, kisha anasema ameangukiwa na jiwe nyumbani. Nikiandika hivyo, nimemfungia mlango, kwa sababu miezi sita baadaye atakapotaka daktari ajaze fomu ya WIBA, kumbukumbu ya kwanza kabisa ya jeraha lake inasema jiwe na inasema nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, wafundishe wenzako jambo moja kabla ya mengine yote: mtu akifika kituo cha afya aseme mwenyewe kwa kinywa chake mahali alipoumia, saa na mashine, na aombe iandikwe kwenye kijitabu chake cha matibabu. Akifika kwetu peke yake ni bora zaidi. Aliyemsindikiza akiwa ni mtu wa kiwanda, mimi humtoa nje kwa adabu, nikisema ninataka kusafisha kidonda.

Huyo kijana wako atafute karatasi za siku ile. Kama alipigwa picha ya eksirei, hospitali ina rejista yake na tarehe yake. Kama alidungwa sindano ya pepopunda, hiyo nayo imeandikwa. Vitu hivi havitegemei hiari ya kiwanda.

Naongeza magonjwa ambayo hayana siku moja ya kuanza. Mwendeshaji wa kinu asiyesikia vizuri, mtu wa mabwawani ambaye macho yanamwasha na kufunikwa na ukungu kwa mng'ao wa chumvi nyeupe, mgongo wa mpakiaji. Hayo hayataingia kamwe kwenye daftari linalosubiri damu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Ulizeni kama kinu chenu kimewahi kupimwa, na kama watu wamewahi kupimwa masikio.

---

Msimamizi wa Watumishi:

Naomba nitoe sauti ya upande ambao hamjausikia, bila kutetea uovu. Mimi ndiye ninayejaza fomu katika kiwanda kimoja, si cha chumvi. Nikipeleka kila mkwaruzo kwa kampuni ya bima, mwaka unaofuata ada inapanda, na wanunuzi wakubwa siku hizi wanauliza idadi ya ajali kabla ya kutia saini mkataba. Mwenye mali akiona idadi imepanda kutoka mbili hadi arobaini kwa sababu tu katibu mpya ana bidii, hatasema tumekuwa wakweli, atasema tumekuwa wazembe. Kisha atamtafuta katibu.

Nakubaliana na Mzee Afisa kuhusu vitabu viwili. Kitabu cha huduma ya kwanza kikae karibu na kasha, kila anayetoa bendeji aandike mstari mmoja: nani, wapi, nini. Daftari la ajali lipokee yale yaliyovuka huduma ya kwanza. Ukivitenganisha mwanzoni na ukamweleza meneja kwa maandishi kwamba idadi ya kitabu cha kwanza itapanda na ndivyo inavyotakiwa, utamwondolea hofu. Ila sikubaliani na Fomeni kwamba kila bango ni hila. Wapo wanaoliweka kwa nia safi.

---

Fomeni wa Zamani, Mambrui:

Nia safi haijawahi kurudisha kidole, bwana Msimamizi. Lakini la vitabu viwili nalikubali.

---

Mwana wa Shela, ughaibuni:

Salamu kutoka mbali. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, sasa ninafanya kazi katika kiwanda cha kusaga mawe ya chokaa huko Marekani, na nadhani njia ya huku inaweza kumsaidia Katibu katika lile swali lake la kwanza, hata kama sheria yake haiwahusu.

Huku, kiwanda kinachosafisha au kusaga madini huhesabiwa pamoja na migodi, chini ya sheria ya mwaka 1977 na idara inayoitwa MSHA. Kila mahali pana namba yake. Ajali, jeraha au ugonjwa wa kazi hupelekwa kwa fomu moja ndani ya siku kumi za kazi, na mambo mazito kama kifo au mtu kunaswa hupigiwa simu ndani ya dakika kumi na tano. Kila robo mwaka kiwanda hutaja pia idadi ya watu na saa walizofanya kazi. Nakala hutunzwa miaka mitano. Na kinachowashangaza wageni ni kwamba mtu yeyote, hata wewe ukiwa Gongoni na simu yako, anaweza kufungua kumbukumbu za kiwanda fulani kwenye intaneti na kusoma mtu aliumia vipi, bila jina lake.

Lakini lililo na faida zaidi kwako ni mpaka wao. Huduma ya kwanza peke yake haiandikwi kwenye fomu. Huandikwa jeraha lililohitaji matibabu zaidi ya hapo, au lililomfanya mtu azimie, au lililomzuia kufanya kazi zake zote siku yoyote baada ya ile aliyoumia, au lililomfanya ahamishiwe kazi nyingine. Angalia hilo la mwisho. Yule aliyefungwa kitambaa na kupelekwa kupanga magunia matupu, ambaye Fomeni amemtaja, huku angehesabiwa, hata kama hakukosa siku moja kazini. Kigezo cha "alirudi kazini" hakitoshi. Swali ni kama alirudi kwenye kazi ile ile na akaifanya yote. Mnaweza kukichukua kigezo hiki kama kanuni ya ndani ya kamati, maana hakipingani na sheria yenu inayotaka taarifa itolewe.

La pili ni hesabu. Idadi ya ajali peke yake haisemi kitu mpaka uigawe kwa saa za kazi. Chukua kiwanda cha kubuni chenye watu 120, saa 48 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka: jumla ni saa 288,000. Wakiumia watu sita, kwa kila saa milioni moja ni karibu majeraha 20.8. Huku kwetu wanatumia saa 200,000, ambazo ni sawa na watu mia moja kwa mwaka mzima, na jibu linakuwa karibu 4.2, ni kipimo kilekile kwa ukubwa tofauti. Sasa tuseme wanne kati ya wale sita walikuwa vibarua wa wakala na hawakuandikwa, lakini saa zao zimeachwa ndani ya jumla kwa sababu zimo kwenye mahesabu ya uzalishaji. Watu wawili kwa saa 288,000 ni karibu 6.9 kwa milioni. Kiwanda kimekuwa salama mara tatu zaidi kwa kalamu peke yake. Kwa hiyo ukiletewa takwimu nzuri kwenye kikao, uliza kwanza: saa za nani, na majeraha ya nani?

---

Katibu wa Gongoni:

Nawashukuru wote, wazee wangu, dada Muuguzi na ndugu zangu. Nimempata kijana. Ana kijitabu cha matibabu cha siku ile na picha ya eksirei, na mle imeandikwa "mkanda, kiwandani". Kitabu cha mahudhurio cha wakala kinaonyesha alikuwa kazini siku hiyo na siku nyingi kabla yake. Mwendeshaji wa kinu yuko tayari kuandika alichokiona, ila anaomba kwanza ajue kama atalindwa.

Nilimweleza fomeni kuhusu kuliingiza jambo hili kwenye daftari. Amekubali, lakini anataka niliandike kwenye ukurasa wa mwezi ule wa ajali, ambako kuna nafasi tupu, ili lionekane liliandikwa wakati wake. Anasema litapendeza kwa afisa akija kukagua. Je, nifanye hivyo?

---

Afisa Mstaafu, Malindi mjini:

Hapana, ndugu yangu, usirudishe tarehe nyuma hata siku moja. Andika kwenye mstari unaofuata, kwa tarehe ya leo, useme wazi: ajali ilitokea tarehe fulani, imeingizwa leo tarehe fulani kwa sababu haikuandikwa wakati ule, na chanzo cha taarifa ni fulani na fulani. Mstari uliochelewa na kukiri kwamba umechelewa ni ushahidi. Ule uliobanwa kwenye nafasi tupu, kwa wino mpya kati ya mistari mikongwe, wakili wa bima atautumia kuliangusha daftari zima pamoja na dai la kijana.

Kisha fanyeni haya kwa mpangilio. Kijana atoe taarifa ya ajali kwa maandishi, nakala tatu: moja ya kiwanda, moja ya wakala, moja ya ofisi ya usalama na afya kazini ya eneo. Asiulize ni yupi kati ya wawili hao aliye mwajiri wake. Awaandikie wote wawili, wabishane wenyewe. Kila nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa, na wakikataa mhuri, aiache mbele ya shahidi na aandike jina la shahidi, siku na saa. Kwa afisa aende mwenyewe na kijitabu cha matibabu, eksirei na nakala ya ukurasa wa mahudhurio, aombe fomu ya kutoa taarifa, na aeleze kwamba mwajiri hakuipeleka. Ofisi inaweza kumwita mwajiri ajaze sehemu yake. Akikataliwa na Mkurugenzi, ana siku sitini za kuweka pingamizi, na baada ya jibu la pingamizi kuna njia ya kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku thelathini.

Mwendeshaji wa kinu aandike alichokiona na kutia sahihi sasa, akiwa bado anakumbuka, karatasi ikae kwako hadi itakapohitajika. Kinga ya sheria ipo kama nilivyosema, ila atalindwa zaidi ikiwa suala la gadi ya rola limekwisha kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao cha kamati, likiwa jambo la wote na si lake peke yake. Kikao chenu kijacho ni lini?

---

Katibu wa Gongoni:

Ni Alhamisi ijayo, mzee. Ajenda ya kwanza itakuwa rola ya nyuma ya mkanda wa pili na bolti zake. Ya pili ni bango la langoni.